Mmoja na Watano: Historia ya Kikosi cha Pokémon Kinachojengwa Kumzunguka Mtaalamu

Katika michezo ya Pokémon, mtaalamu ni kiumbe anayefanya jambo moja vizuri mno na mengine yote vibaya. Mmoja ana nguvu za kubomoa ukuta lakini mwendo wake ni wa jongoo. Mwingine ana kasi isiyo na mshindani lakini akipigwa mara moja ameanguka. Wa tatu hana nguvu kabisa, kazi yake ni kulaza wapinzani usingizi. Kikosi kina nafasi sita na kila kiumbe hubeba mbinu nne tu. Kwa hiyo anayemwita mtaalamu kikosini huwaita pia wa kumtumikia: wa kumfungulia njia, wa kumkinga, wa kumpa kile alichonyimwa. Tangu 1996 wajenzi wa vikosi wamekuwa wakijiuliza ni nafasi ngapi kati ya sita zitaliwa kwa ajili ya mmoja, na jibu limepandishwa na kushushwa na watengenezaji wa mchezo zaidi kuliko na wachezaji wenyewe.

Matoleo ya kwanza, Red na Green, yalitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa mashine ya Game Boy. Yalitengenezwa na kampuni ya Game Freak chini ya Satoshi Tajiri, yakiwa na viumbe 151 wa aina 15, na waya wa kuunganisha mashine mbili ili watu wabadilishane viumbe au wapambane. Mashindano hayakuchelewa. Katika Nintendo Cup ya 1997, mchezaji alifika na viumbe sita, akachagua watatu wa kuingia uwanjani; kila mmoja alitakiwa kuwa kati ya ngazi ya 50 na ya 55, na jumla ya ngazi za watatu hao isizidi 155. Hesabu yenyewe inasema mengi: anayetaka mmoja wa ngazi 55 lazima awashushe wenzake wawili hadi 50. Hata katika siku hizo za mwanzo, kanuni ilikubali kwamba kikosi kinaweza kuwa na nyota, na ikataka nyota huyo alipiwe na wenzake.

Hata hivyo, kizazi hicho cha kwanza hakikuwapenda wataalamu. Waliotawala walikuwa mafundi wa kila kazi. Tauros alikuwa na kasi, nguvu na uvumilivu kwa pamoja; Snorlax aligonga kwa uzito na kupokea mapigo bila kutetereka; Chansey alikuwa mgumu kuangusha kwa mapigo yasiyo ya kimwili. Watatu hao walikaa karibu katika kila kikosi cha sita, na kilichobaki kilikuwa kubishana juu ya nafasi tatu zilizosalia. Mtaalamu wa kweli wa enzi hiyo alikuwa Dragonite mwenye mbinu ya Wrap. Kwa namna mchezo ulivyotungwa, aliyefungwa na Wrap hakuweza kufanya lolote kwa zamu mbili hadi tano, na mfungaji akiwa mwepesi kuliko yeye angemfunga tena kabla hajanyanyua mkono. Ila Dragonite hakuwa mwepesi vya kutosha. Alihitaji zamu ya kuongeza kasi yake kwa Agility, na kabla ya hapo alihitaji wenzake wawe wamekwisha kuwapoozesha wapinzani, kwa sababu kupooza kulishusha kasi hadi robo. Hapo ndipo unapoonekana mfano wa mwanzo kabisa wa mpango kamili: wawili au watatu wanatangulia na kusambaza kupooza, wanaumia, pengine wanaanguka, kisha joka linaingia kuvuna.

Gold na Silver, zilizotoka Japani Novemba 1999, zilibadilisha hali kwa mambo mawili. Viumbe walianza kubeba vifaa, na ikazaliwa mbinu ya Baton Pass. Kwa kawaida kiumbe aliyejiongezea nguvu au kasi huipoteza yote anapotolewa uwanjani. Kwa Baton Pass alichojiongezea kinapokewa na anayeingia. Kupokezana vijiti huku kulimfaa sana Marowak. Kiumbe huyu mwenye fuvu kichwani ana nguvu za msingi 80 tu, si za kutisha, lakini akibeba rungu lake, kifaa kinachoitwa Thick Club, nguvu hizo huzidishwa mara mbili na kuwa miongoni mwa kubwa zaidi katika mchezo wote. Kasoro yake ni kasi: 45. Mwenzake akawa Jolteon, mwenye kasi ya 130, aliyeweza kutumia Agility kisha kumkabidhi Marowak kasi hiyo ya ziada. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi. Uwanjani uligharimu zamu mbili au tatu za maandalizi, na mpinzani aliyekuwa na Roar au Whirlwind, mbinu za kumfukuza aliyeko uwanjani, aliubomoa kwa zamu moja. Kila kilichokusanywa kilipotea, na Jolteon mara nyingi alikuwa amekwisha kujeruhiwa vibaya.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi wakati huo kilikuwa kikatili na rahisi. Mbinu ya Explosion ilimwangusha mtumiaji mwenyewe, lakini ilihesabu ulinzi wa mlengwa kana kwamba ni nusu, hivyo ni wachache waliosalia. Cloyster aliweza kutandaza miiba ya Spikes upande wa mpinzani, ikamchoma kila anayeingia akikanyaga ardhi, kisha akajilipua mbele ya kizuizi kilichokuwa kikimsubiri mshambuliaji. Wajenzi wa wakati ule walijifunza kuhesabu kikosi kwa kurudi nyuma: nani amalize mechi, nani anamzuia, na nani atakufa ili kumwondoa huyo anayezuia. Pengine hakuna kipindi ambacho dhana ya kumtumikia mmoja ilichukuliwa kwa maana halisi kiasi hicho.

Ruby na Sapphire, Novemba 2002, zilileta uwezo wa asili kwa kila kiumbe, na hapo mtaalamu akapata wasaidizi wasiolazimika kujiua. Dugtrio alizuia wapinzani walio ardhini wasitoke uwanjani. Magneton aliwanasa wa aina ya Chuma, na hili la pili ndilo lililotikisa vikosi vingi. Ukuta mkuu wa zama hizo ulikuwa Skarmory, ndege wa chuma aliyepuuza karibu mapigo yote ya kimwili, akisaidiwa na Blissey aliyepuuza yasiyo ya kimwili. Mchezaji mwenye Salamence au Tyranitar wa Dragon Dance, mbinu mpya iliyoongeza nguvu na kasi kwa zamu moja, hakuwa na njia ya kupita. Akimweka Magneton kikosini, mambo yaligeuka: Skarmory anaingia kwa mazoea, Magneton anaingia naye, mlango umefungwa, umeme unamaliza kazi. Nafasi moja ya kikosi ilitosha kumwachia joka uwanja mzima. Magneton mwenyewe nje ya kazi hiyo hakuwa na thamani kubwa, na hapo pana jambo ambalo wageni wa mchezo huchelewa kuliona: wasaidizi wa mtaalamu aghalabu ni wataalamu pia, na kikosi cha namna hii ni msururu wa wadhaifu wanaotegemeana.

Msururu huo ulifika kilele chake kwa Ninjask. Kiumbe huyu huongezeka kasi kila zamu bila kufanya lolote, naye hujua Baton Pass. Wachezaji walijenga vikosi ambavyo karibu wote sita walipokezana kijiti: Ninjask anaanza na kasi, Smeargle anafuata na mbinu ya Ingrain ili aliyeko uwanjani asiweze kufukuzwa, wengine wanaongeza ulinzi na nguvu mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho anapoingia akiwa hagusiki. Huo haukuwa tena utumishi wa watano kwa mmoja; mtaalamu alikuwa kijiti chenyewe.

Kizazi hichohicho kilimleta mtaalamu wa kupindukia kuliko wote. Shedinja ana uhai wa alama moja tu, lakini uwezo wake wa Wonder Guard humfanya asiumizwe na pigo lolote isipokuwa la aina anazozihofia, nazo ni tano: Moto, Ndege, Mwamba, Mzimu na Giza. Tufani ya mchanga inamuua. Sumu inamuua. Miiba ya Spikes inamuua papo hapo akiingia. Aliyemtaka alilazimika kuwa na mwenzake wa kuondoa miiba kwa Rapid Spin na mwingine wa kutawala hali ya hewa, na bado mpinzani mmoja mwenye pigo sahihi alitosha kuharibu yote. Diamond na Pearl za 2006 zilipoleta Stealth Rock, mawe yanayoelea na kumjeruhi kila anayeingia kwa kadiri aina yake inavyouogopa Mwamba, bei ya Shedinja ilipanda zaidi, na si yake peke yake. Charizard alipoteza nusu ya uhai kwa kuingia tu. Volcarona, nondo wa moto aliyekuja mwaka 2010 na uwezo wa kujiongezea mambo matatu kwa zamu moja, alikuwa na hatima ileile, na kwa miaka mingi kumchukua Volcarona kulimaanisha kumchukua pia mfagiaji wa mawe. Mbinu moja ya mpinzani ilimlazimisha mjenzi atoe nafasi nzima.

Lakini hakuna bei iliyopanda na kushuka kama ya mvua. Mvua huongeza nguvu za mapigo ya Maji kwa nusu, hupunguza ya Moto kwa nusu, na viumbe wenye uwezo wa Swift Swim, kama Kingdra, Ludicolo na Kabutops, hukimbia ndani yake kwa kasi maradufu. Ni wataalamu halisi: nje ya mvua ni wa kawaida, ndani yake hawakamatiki. Mvua ilipoanza mwaka 1999 iliitwa kwa mbinu ya Rain Dance, zamu tano kisha ikakatika. Mwaka 2002 Kyogre aliileta bila kikomo kwa kuingia tu uwanjani, ila kanuni nyingi zilimpiga marufuku. Mwaka 2006 kukawa na jiwe la Damp Rock lililoirefusha hadi zamu nane, na vikosi vya mvua vikaweka waitaji wawili au watatu ambao walipokezana kuiita, wakiwaachia nafasi zilizobaki waogeleaji wa Swift Swim. Kisha likaja toleo la Black na White, Septemba 2010, na Politoed, chura ambaye hapo awali hakuna aliyemwogopa, akapewa uwezo uleule wa Kyogre. Nafasi moja tu sasa ilinunua mvua ya mechi nzima. Nafasi tano zilizobaki zikajaa wataalamu.

Matokeo yalikuwa ya kutabirika. Jumuiya ya Smogon, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuwa mtunzi mkuu wa kanuni zisizo rasmi za mapambano ya mmoja kwa mmoja, iliamua mwaka 2011 kwamba kikosi kimoja kisiwe na mleta mvua wa kudumu pamoja na mwogeleaji wa Swift Swim. Uamuzi huo ulikuwa wa aina yake, kwa kuwa haukumfungia kiumbe yeyote bali ulifungia uhusiano kati ya mtaalamu na mtumishi wake. Ulikuwa wa busara pia: Kingdra bila mvua hana kosa, na Politoed bila Kingdra ni chura tu. Watengenezaji nao walifika hapohapo kwa njia yao. Katika X na Y, Oktoba 2013, mvua inayoletwa na uwezo wa asili ilirudishwa kwenye zamu tano, au nane kwa jiwe. Bei ikapanda tena, safari hii kwa wote.

Kupokezana vijiti nako kulibanwa na Smogon kwa hatua. Baada ya Espeon kupewa uwezo wa kurudisha kwa mpinzani mbinu kama Roar, minyororo ya Baton Pass ilikosa dawa, na katika enzi ya X na Y idadi ya wapokezanaji ilipunguzwa hadi mmoja kwa kikosi. Katika kizazi kilichofuata mbinu hiyo iliondolewa kabisa kwenye daraja lao kuu.

Wakati hayo yakiendelea upande wa mmoja kwa mmoja, mashindano rasmi yalikuwa yamechukua njia nyingine. Mapambano ya wawili kwa wawili yalianza na Ruby na Sapphire, na ubingwa wa dunia wa michezo hiyo ya video ulipofanyika kwa mara ya kwanza huko San Diego, Marekani, mwaka 2009, ambapo Kazuyuki Tsuji wa Japani alishinda, ulichezwa kwa mtindo huo. Kanuni iliyokuja kuzoeleka ni ya viumbe sita kwenye orodha na wanne kuingia uwanjani, wote wakihesabiwa ngazi ya 50. Tofauti kwa mtaalamu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Uwanja wa mmoja kwa mmoja humtaka msaidizi atangulie: ategue, apoozeshe, ajilipue, kisha aondoke. Uwanja wa wawili humruhusu asimame kando ya anayemsaidia, zamu ileile. Msaada hauhitaji tena kuhifadhiwa wala kukabidhiwa, na mtumishi asiye na nguvu yoyote ya kushambulia anakuwa na kazi ya kudumu.

Se Jun Park wa Korea Kusini alilithibitisha hilo Washington, D.C., Agosti 2014, alipotwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kindi mweupe wa umeme ambaye jumla ya sifa zake za msingi ni 405. Garchomp aliyekuwa kwenye kikosi hichohicho ana 600. Watazamaji wengi waliona mzaha. Lakini kikosi kilipangwa kwa hesabu kali. Nyota wake alikuwa Gyarados, ambaye kabla ya kugeuka umbo ni wa Maji na Ndege, hivyo pigo la Umeme humwumiza mara nne. Talonflame, mwingine wa kikosi, pia ni wa Ndege na huogopa Umeme. Pachirisu ana uwezo wa Volt Absorb, unaomponya kila anapopigwa kwa umeme, na mbinu ya Follow Me, inayovuta kwake mapigo yaliyomlenga mwenzake. Kwa maneno mengine, silaha ya kwanza ambayo mpinzani angeifikiria dhidi ya Gyarados iligeuka chakula cha kindi.

Palikuwa na wavutaji mapigo wenye sifa bora, na ni haki kuuliza kwa nini hawakuchaguliwa. Amoonguss, uyoga uliokuwa maarufu kwa kazi hiyo, hutumia Rage Powder, na tangu X na Y unga huo hauwashiki viumbe wa aina ya Nyasi wala aliyebeba miwani ya Safety Goggles. Togekiss anajua Follow Me, ila naye ni wa Ndege na Umeme humwumiza. Pachirisu alibaki peke yake aliyekidhi masharti yote. Mafunzo yake yaliwekwa kwenye uhimilivu. Alibeba tunda la Sitrus la kujiponya robo ya uhai, na mbinu zake nyingine zilikuwa Protect ya kujikinga, Nuzzle ya kupoozesha bila kukosea, na Super Fang ya kukata nusu ya uhai wa mpinzani, ambayo haihitaji nguvu za mtumiaji hata kidogo. Ukisoma mbinu hizo nne huoni popote ambapo udhaifu wa kindi huyo ungekuwa na madhara. Kiumbe aliyechukuliwa kuwa duni alikuwa ametolewa kazi zote zilizomfanya awe duni.

Wolfe Glick wa Marekani alishinda mwaka 2016 huko San Francisco kwa mantiki ya jamii hiyohiyo, ingawa nyota wake walikuwa wakubwa kabisa. Kanuni za mwaka huo ziliruhusu majitu mawili kati ya yale yaliyokuwa yamezuiwa, na wengi walimchukua Groudon, ambaye jua lake hukausha kabisa mapigo ya Maji. Glick alimchukua Kyogre, mhanga mkuu wa jua hilo, kisha akampa Rayquaza, mwenye upepo unaoliondoa jua la Groudon, na Raichu mwenye uwezo wa Lightning Rod unaovuta mapigo ya umeme yaliyomlenga Kyogre. Hofu kuu mbili za Kyogre zilipata kila moja mlinzi wake.

Si wataalamu wote wa uwanja wa wawili walioachwa waendelee. Smeargle, anayeweza kujifunza karibu mbinu yoyote, alitumia Dark Void kuwalaza wapinzani wote wawili kwa mkupuo, na mechi nyingi ziliamuliwa na nani anaamka. Sun na Moon za 2016 zilimnyang'anya mbinu hiyo: ikabaki ya Darkrai peke yake, na uhakika wake ukashushwa kutoka asilimia 80 hadi 50. Mbinu ya Trick Room, iliyokuja mwaka 2006 na kuwafanya wa polepole watangulie kwa zamu tano, imesalimika katika kila kizazi, labda kwa sababu dawa zake ni nyingi: kujikinga hadi muda upite, kumpiga mwitaji mapema, au kuiita tena ili ifutike.

Scarlet na Violet, zilizotoka tarehe 18 Novemba 2022, zilileta jambo ambalo hapo awali lilikuwa la wachezaji kubuni. Samaki mkubwa Dondozo na samaki mdogo Tatsugiri waliundwa kuwa mtaalamu na mtumishi tangu kuzaliwa. Tatsugiri mwenye uwezo wa Commander akiwa uwanjani pamoja na Dondozo, huingia kinywani mwake, na papo hapo nguvu, ulinzi, nguvu maalumu, ulinzi maalumu na kasi ya Dondozo vyote hupanda ngazi mbili. Hakuna zamu inayotumika. Walichohitaji wajenzi wa Ninjask kwa mlolongo wa kupokezana vijiti hupatikana hapa kwa kuingia tu. Bei yake ni ya namna nyingine: Tatsugiri akiwa kinywani hapigwi wala hapigi, Dondozo hawezi kutolewa, na mmoja hubaki kupambana na wawili. Wapinzani waliojiandaa huleta Haze, inayofuta mabadiliko yote ya sifa, au Encore, inayomlazimisha Dondozo arudie mbinu moja, hata ikiwa ni ya kujikinga. Kati ya viumbe wanne ambao mchezaji anaruhusiwa kuingiza uwanjani, wawili wamekwisha kutumika kabla ya pigo la kwanza.